Mia zipi?

Baba mdogo alikuwa mnunuzi wa mahindi na maharage pale Makambako, na likizo zangu nyingi za shule ya msingi ziliishia kwenye kibaraza cha ghala lake, kazi yangu ikiwa kushika daftari na kuandika magunia. Mkulima akishusha mzigo, baba mdogo hakufungua gunia hata moja. Alichukua bambo, lile bomba la chuma lenye ncha, lililo wazi ubavuni kama mfereji, akalidunga kwenye gunia na kulichomoa likiwa na punje za kujaa kiganja. Akazimwaga mkononi, akazitawanya kwa kidole gumba: hii imetobolewa na dumuzi, hii imeoza, hii changa, hizi nzima. Kisha akasugua pale alipodunga kwa ncha ya bambo mpaka nyuzi za gunia zikarudiana, tundu likafungika. Kila gunia alilidunga mara tatu: juu, katikati, na chini kabisa karibu na mshono, kwa sababu wapo waliotanguliza chenga chini wakamalizia na mahindi mazuri juu.

Siku moja nilimuuliza anajuaje kwamba hizo punje chache zinasema kweli juu ya zilizobaki ndani. Hakusema kwamba anajua. Alisema, "Gunia moja moja linaweza kunidanganya, mwanangu. Ila msimu ukiisha, bambo halijawahi kunitia hasara."

Nilikuwa na miaka kumi. Maneno hayo yalilala kichwani mwangu zaidi ya miaka ishirini kabla sijaelewa kwamba alikuwa amenipa sura ngumu kuliko zote katika takwimu za mwanzo.

Leo nafundisha somo hilo kwa wanafunzi wa uuguzi na utabibu. Wengi wanaliogopa, wanalisoma ili lipite. Na kwa miaka mitano nilifundisha sura ya mipaka ya uhakika, zile namba mbili, ya chini na ya juu, zinazowekwa pembeni ya makadirio, kama nilivyofundishwa mimi: chukua wastani wa sampuli, toa na ujumlishe 1.96 mara kosa sanifu (kipimo cha jinsi jibu linavyoyumba kutoka sampuli moja hadi nyingine), utapata mpaka wa chini na mpaka wa juu, kisha malizia kwa sentensi hii, "Kuna uwezekano wa asilimia 95 kwamba thamani halisi iko kati ya namba hizi mbili." Sentensi hiyo ilikuwa na alama mbili kwenye mtihani. Aliyeiandika nilimpa, aliyeisahau nilimnyima. Sentensi yenyewe si sahihi, na nililitambua hilo nikiwa darasani, nimesimama mbele ya swali nililoshindwa kulijibu.

Aliyeuliza alikuwa muuguzi wa miaka mingi aliyerudi chuo kuongeza elimu. Alikuja na namba mbili. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa 2010 ulikadiria kwamba Tanzania wanakufa wanawake 454 kwa sababu za uzazi katika kila vizazi hai 100,000. Utafiti wa 2015-16 ukakadiria 556. "Mwalimu," alisema, "mimi miaka hiyo yote nilikuwa wodi ya wazazi. Tulipata mafunzo, akina mama walizidi kuja kujifungulia kwetu. Inakuwaje vifo viongezeke?" Hakuwa akitaka kunijaribu. Alikuwa na uchungu wa mtu anayeambiwa kwamba kazi yake ya usiku na mchana haikuzaa kitu.

Nikafungua ripoti tukaisoma pamoja. Pembeni ya 556 kuna mipaka: 446 hadi 666. Pembeni ya 454: 353 hadi 556. Nikamweleza kwamba mipaka inapishana sana, kwa hiyo hatuwezi kudai vifo vimeongezeka. Akatulia kidogo, halafu akauliza, "Hiyo asilimia 95 wameitoa wapi? Walirudia utafiti mara ngapi?"

"Mara moja," nikasema.

"Sasa kama ni mara moja, hizo 95 ni kati ya mia zipi?"

Neno letu linalibeba swali lake waziwazi. Asilimia ni kwa kila mia. Ukiniambia asilimia 30 ya watoto wana upungufu wa damu, naweza kukuuliza mia zipi, nawe utanionyesha watoto. Hapa nilikuwa na utafiti mmoja, namba moja, mipaka miwili, na sikuwa na mia ya kumwonyesha. Nilimwomba anipe wiki moja.

Nilikwenda sokoni nikanunua maharage mekundu na ya njano. Jioni mbili tulikaa mkekani, mimi na watoto wa nyumbani, tukahesabu mekundu 1,400 na ya njano 600, tukayachanganya kwenye ndoo ndogo. Mimi nilijua kilichomo: njano asilimia 30. Darasa halikujua. Nilitaka kila mmoja wa wanafunzi arobaini aje mbele, akoroge ndoo, afumbe macho, atoe maharage 50, ahesabu ya njano, apige hesabu ya mipaka yake, kisha ayarudishe yote kabla ya mwenzake kuja.

Wa kwanza alipata ya njano 14, yaani asilimia 28, na mipaka yake ikawa karibu 16 hadi 40. Wa pili 17. Wa tatu 12. Kila mmoja aliweka alama ya chaki ubaoni juu ya namba yake, na alama zikianguka mahali pamoja zilipandana. Tulipofika mtu wa ishirini, watu walianza kuangalia ubao kuliko ndoo. Palikuwa panaota kichuguu. Katikati, kuanzia 12 hadi 18, alama zilijazana, pembeni zilipungua, na huku na huku kulikuwa na alama moja moja, 8 upande mmoja, 22 upande wa pili. Ndoo ni ileile, maharage ni yaleyale, hakuna aliyekosea kuhesabu, na bado majibu yametawanyika.

Kichuguu hicho ndicho vitabu vinakiita mgawanyo wa sampuli. Miaka yote nilikuwa nakichora ubaoni kama mlima mmoja mzuri wa kinadharia, na wanafunzi wakidhani ni mchoro wa watu au wa maharage. Kumbe kila alama ni sampuli nzima, jibu zima la mtu mmoja, na upana wa kichuguu ndio kosa sanifu. Kwa ndoo yetu unaweza kulipiga hesabu bila kuchota: chukua 0.3 mara 0.7, gawanya kwa 50, kisha tafuta mzizi wa mraba, unapata karibu asilimia 6.5, ambayo kwa kuhesabu maharage ni 3 na ushee kila upande wa 15. Ukitazama kichuguu cha chaki, ndivyo kilivyokuwa.

Kisha nikachora mstari mmoja wa wima kwenye asilimia 30, nikawaambia sasa: huu ndio ukweli wa ndoo. Kila mmoja aje achore mipaka yake kama mstari wa mlalo, kutoka mpaka wa chini hadi wa juu. Mistari arobaini ikapangana kama fito za ukuta wa udongo kabla haujakandikwa. Mstari wa wima haukusogea hata mara moja. Iliyokuwa ikisogea ni ile ya mlalo, mwingine umekaa kushoto kidogo, mwingine kulia. Tukahesabu. Mistari 37 ilikatiza ukweli. Mitatu haikuufikia: aliyepata ya njano 8, mipaka yake iliishia asilimia 26, aliyepata 9, iliishia 28.6, na aliyepata 22 ilianzia 30.2, akaukosa kwa unywele. (Wenye jicho kali wataona 37 kati ya 40 ni pungufu ya asilimia 95. Kanuni hii nyepesi hupungukiwa kidogo sampuli ikiwa ndogo, na hata isingepungukiwa, arobaini ni wachache mno kutoa 95 kamili.)

Basi mia zipi? Mia za kuchota. Yule muuguzi alikuwa sahihi kudai aonyeshwe, na hatimaye zilikuwa ubaoni. Asilimia 95 inahesabu mistari ya mlalo: kati ya kila mistari mia inayoweza kuzaliwa na njia hii, karibu 95 itaukatiza ukweli. Mstari mmoja ulio mkononi mwako ama umeukatiza ama haukuukatiza, na hauna asilimia yake peke yake. Yule mwenye 9 hakuwa na "uwezekano wa asilimia 95". Alikuwa ameukosa ukweli kabisa, na hakuna kitu kwenye karatasi yake kilichoweza kumwambia hivyo.

Ndivyo alivyosema baba mdogo. Gunia moja moja linaweza kumdanganya. Sifa ni ya bambo, kwa msimu mzima.

Sasa huyo binti aliyepata 9. Alikuwa amekaa benchi la nyuma, msichana makini, daftari lake halina mfuto hata mmoja. Alipoona mstari wake umeishia kabla ya 30 aliinua mkono haraka. "Mwalimu, naomba nichote tena. Nadhani sikukoroga vizuri." Alikuwa amekoroga, nilimwona. Nilimwambia hajakosea popote. Alifuata kila hatua, alihesabu sawasawa, na njia nzuri ilimpa jibu baya, kama inavyofanya mara chache kwa watu wasio na kosa lolote. Na tungemruhusu achote tena kwa sababu tu jibu lake halikutupendeza, tungekuwa tumeiharibu njia yenyewe, maana ile 95 inahesabiwa pamoja na waliokosa. Alikaa, lakini nilimwona hajaridhika, na mimi nilimheshimu kwa hilo.

Kuchota kwa mkono ili kukiona kichuguu si jambo nililolibuni. Mtu aliyelifanya kwa subira kuliko wote ninaowajua alikuwa mkemia wa kiwanda cha bia. William Gosset alijiunga na Guinness kule Dublin mwaka 1899, na kazi yake ilimkutanisha na shayiri na vipimo vichache vichache, vinne au vitano, kwa sababu kila kipimo kilikula fedha na muda. Kanuni za takwimu za wakati ule zilitaka sampuli kubwa. Yeye alihitaji kujua kichuguu kinakuwaje mtu akiwa na vipimo vinne tu. Akachukua takwimu zilizokwisha kuchapishwa za wafungwa 3,000 wa Uingereza, kimo chao na urefu wa kidole chao cha kati cha mkono wa kushoto, akaziandika kwenye vipande 3,000 vya kadibodi, akavichanganya kwa makini, akavitoa vinne vinne hadi akapata sampuli 750. Kila sampuli akaipigia wastani wake na mtawanyiko wake, kwa mkono, bila mashine ya kisasa, kisha akalinganisha na kile alichokuwa amekifikia kwa hesabu za kalamu.

Alichapisha mwaka 1908 katika jarida la Biometrika kwa jina la bandia, Student, kwa kuwa mwajiri wake hakutaka wafanyakazi wajulikane. Alichokigundua kinawagusa wote wenye sampuli ndogo: kama hujui mtawanyiko halisi na unaukadiria kutoka kwenye sampuli hiyohiyo ndogo, 1.96 haikutoshi. Ukiwa na vipimo vinne, unahitaji kuzidisha kwa 3.18. Ni gharama ya kutojua mambo mawili kwa wakati mmoja. Kila ninapoona ripoti ya mradi imepima vitu vitano na kutumia 1.96, nafikiria vile vipande vya kadibodi.

Mipaka ya uhakika kama tunavyoifundisha leo ilikuja baadaye, kwa Jerzy Neyman, mtakwimu wa Kipolandi aliyekuwa na uzoefu wa tafiti za sampuli kule Warsaw. Mwaka 1934 alisoma makala yake London mbele ya Chama cha Kifalme cha Takwimu. Arthur Bowley, mmoja wa wakubwa wa fani hiyo, ndiye aliyetoa neno la shukrani, na ndani ya shukrani hizo alisema hana hakika kama huo "uhakika" si kiini macho. Watu husimulia habari hiyo kumcheka Bowley. Mimi naona aliuliza swali lilelile la muuguzi wangu. Neyman alijibu kwa ukamilifu katika makala yake ya 1937, na hakuficha kitu: namba zikishapatikana, alisema, huwezi tena kuzungumzia uwezekano kwamba thamani halisi imo ndani yake. Imo au haimo. Uwezekano ulikuwa wa njia, kabla ya kuchota.

Ugumu mwingine kwetu uko kwenye jina. Nimesikia "kipindi cha kujiamini", na kila nikilisikia naona redio na mtu aliyevaa suti. Nimesikia "kiwango cha imani". Mimi nasema mipaka ya uhakika kwa sababu wanafunzi wanaelewa mpaka wa chini na mpaka wa juu bila kufafanuliwa, lakini neno uhakika linanisumbua. Anayelisikia anadhani amepewa uhakika juu ya namba iliyo mbele yake. Kama ningepewa kuchagua upya, ningetafuta neno linalohusu uaminifu wa chombo, kama tunavyosema mizani hii ni ya kuaminika. Hatusemi hivyo kwa sababu ya mzigo mmoja uliopimwa leo.

Turudi kwenye 556, kwa sababu yule muuguzi hakuja chuoni kwa ajili ya maharage.

Katika utafiti wa 2015-16 nchi iligawanywa, yakachaguliwa kwa bahati nasibu maeneo 608 ya kuhesabia watu, na katika kila eneo kaya 22. Wanawake 13,266 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walihojiwa. Vifo vya uzazi, kwa kushukuru Mungu, ni adimu mno kuweza kuonekana kwa kuuliza kila kaya nani amekufa humu. Kwa hiyo mdadisi humuuliza kila mwanamke juu ya ndugu zake wa tumbo moja: mama yako alizaa wangapi, huyu wa kwanza yu hai, na kama ni mwanamke aliyefariki, je, alikuwa mjamzito, alifariki akijifungua, au muda mfupi baada ya kujifungua.

Mama yangu aliwahi kuulizwa maswali ya namna hiyo, katika utafiti mmoja, mimi nikiwa kidato cha tatu. Alihojiwa peke yake ndani, kama utaratibu unavyotaka, sisi tukaambiwa tukacheze. Jioni akanisimulia akiwa anachambua mchele. Alisema mdadisi, binti mdogo mwenye adabu, alimtaka awataje ndugu zake kwa mpangilio wa kuzaliwa. Mama akawahesabu kwa vidole, wa kwanza kidole kidogo. Alipofika kidole cha nne alikikunja, kwa sababu mama mdogo alifariki siku ya tatu baada ya kujifungua mtoto wake wa pili. "Nikamwambia, andika. Akaandika. Akaniambia pole, mama. Halafu akaniuliza wa tano." Mama alikaa na kile kidole kimekunjwa wakati ananisimulia, mchele umesimama kwenye ungo.

Namba kama 556 imejengwa kwa vidole vilivyokunjwa namna hiyo. Ni vichache. Hata ukiuliza wanawake elfu kumi na tatu, vifo vya uzazi vinavyotajwa ni sehemu ndogo sana ya majibu yote, na ndiyo maana mipaka ni mipana hivi, 446 hadi 666, wakati mipaka ya kitu cha kawaida kama chanjo huwa membamba. Kinachobana mipaka ni wingi wa tukio lenyewe ndani ya sampuli.

Kuna jambo la pili linaloipanua. Kaya 22 za eneo moja si sawa na maharage 22 yaliyokorogwa. Zinatumia barabara moja ambayo masika haipitiki, zahanati moja, mkunga mmoja. Ukishajua habari za kaya kumi, zile kumi na mbili zilizobaki hazikuongezei mengi. Ni kama ndani ya ndoo yangu maharage ya njano yangekuwa yamegandana mafungu mafungu: mkono mmoja ungetoka na mengi, mwingine ungetoka mtupu, na kichuguu cha ubaoni kingetanuka. Anayechukua takwimu hizi na kuzipigia kosa sanifu kwa ile kanuni ya mzizi wa darasani, kana kwamba kila mwanamke amechaguliwa peke yake kutoka nchi nzima, anajipa mipaka membamba asiyostahili. Kosa hili nimeliona kwenye tasnifu nyingi mno, na walioziandika hawakufundishwa vinginevyo. Sisi walimu ndio wa kulaumiwa.

Na swali la muuguzi lipo palepale: utafiti ulifanyika mara moja, hicho kichuguu wamekionaje? Jibu lake ni moja ya vitu vizuri zaidi ninavyovijua katika fani hii. Tafiti hizi, kwa viashiria vya vifo, hutumia sampuli yenyewe kujichunguza. Ondoa eneo moja, piga hesabu upya kwa 607 yaliyobaki, andika jibu. Lirudishe, ondoa la pili, piga tena. Fanya hivyo mpaka kila eneo limekaa nje mara moja. Unapata majibu 608, na namna yanavyoyumba eneo moja likitoka inakuambia jibu lote lingeyumba kiasi gani kama bahati nasibu ingeangukia maeneo mengine. Hukuichota ndoo mara ya pili. Umelitikisa lile konzi ulilonalo na kutazama linavyotikisika.

Kwa 556, upana wa mipaka unatuonyesha kosa sanifu la kama 55, kwani mipaka huwekwa mara mbili ya kosa hilo kila upande. Kwa 454 ni karibu 51. Sasa tunaweza kumjibu muuguzi vizuri kuliko nilivyomjibu mwanzo. Kuangalia kama mipaka inapishana ni kipimo cha haraka tu, na kinaweza kupotosha: mipaka miwili inaweza kugusana kidogo na bado tofauti ikawa ya kweli. Njia iliyonyooka ni kuipigia mipaka tofauti yenyewe. Tofauti ni 102. Kosa sanifu lake ni mzizi wa mraba wa jumla ya 55 mara 55 na 51 mara 51, yaani 75. Mipaka ya tofauti inakwenda kutoka 48 chini ya sifuri hadi 252 juu yake. Takwimu hizi zinapatana na vifo kupungua kidogo. Zinapatana na vifo kubaki palepale, na zinapatana na vifo kuongezeka sana. Nilipomwandikia hesabu hiyo alisema, "Kwa hiyo hawakusema tumeshindwa." Hawakusema. Wala hawakusema mmefanikiwa, na hilo pia nilimwambia.

Je, wangeweza kuibana mipaka zaidi? Wangeweza kwa fedha. Mzizi wa mraba ni mkatili: ukitaka mipaka iwe nusu ya ilivyo, unahitaji sampuli mara nne. Maeneo 608 yangekuwa 2,432, wanawake 13,266 wangekuwa zaidi ya 53,000, na kila mmoja anafikiwa na mdadisi kwa gari, pikipiki, au miguu. Anayelalamika kwamba mipaka ni mipana ajue analalamikia bajeti.

Utafiti uliofuata, wa 2022, ulikadiria 104. Umbali wa kutoka 556 hadi 104 ni mkubwa kuliko bahati ya sampuli inavyoweza kuleta peke yake, na nilifurahi kama kila mtu aliyewahi kumzika ndugu kwa sababu hii. Ila hapo nawakumbusha wanafunzi gunia lenye chenga chini. Mipaka ya uhakika inajua kitu kimoja tu, yaani kuyumba kunakotokana na kuchota. Haijui kama swali liliulizwa kwa namna ileile tafiti zote mbili, kama kifo cha uzazi kilifafanuliwa vilevile, kama familia fulani huona haya kutaja aliyefariki na mimba. Bambo likidungwa juu tu, unaweza kulidunga mara elfu, mipaka yako itakuwa membamba kama uzi, na bado hutakutana na chenga. Kabla ya kulinganisha 556 na 104 soma kwanza maswali ya dodoso, halafu uje kwenye mipaka.

Kipindi cha mwisho cha sura hiyo niliwaandikia ubaoni 556, na chini yake 446 hadi 666, nikawaomba waniandikie sentensi moja ya maana yake, mahali pa ile sentensi yangu ya alama mbili. Wengi waliandika vizuri. "Njia iliyotumika, ikirudiwa mara nyingi, huuzingira ukweli mara 95 kwa kila mia; safari hii imetupa 446 hadi 666." Nilipita katikati ya madawati nikisoma.

Binti wa benchi la nyuma hakuwa ameandika. Alikuwa ameshika kalamu anaangalia ubao.

"Mwalimu, na huu nao unaweza kuwa kama wangu wa maharage?"

"Unaweza."

"Na safari hii hakuna mtu anayejua kilichomo kwenye ndoo."

"Hakuna."

Akafikiri. Kisha akaandika namba zote tatu kwenye daftari lake, 446 kwanza, 556, halafu 666, kwa mwandiko wa ukubwa uleule, bila kuipigia mstari hata moja.